Mshahara wa Mdomo, Mshahara wa Mkono

Mlionisoma wiki jana mliniacha sebuleni kwa baba mkwe wangu, Mzee Kipkemoi, vipande vya karatasi vikiwa miguuni pangu. Kwa mnaonikuta leo nitasimulia kwa ufupi, maana aibu yako mwenyewe haina utamu wa kurudiwa.

Mimi ni Chepkemboi. Mume wangu Kimeli alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha chai, upande wa Mogogosiek. Januari mwaka jana alipandishwa cheo, na barua ikasema atalipwa elfu sitini na nane kwa mwezi. Kipkurui, mdogo wake, ndiye aliyenionyesha barua hiyo. Lakini kila mwisho wa mwezi Kimeli alileta nyumbani elfu arobaini na nne na mia tatu na kidogo.

Nilipiga hesabu mwenyewe. Zaidi ya elfu ishirini na tatu zilikuwa zinapotelea njiani.

Nikamshtaki kwa wazazi wake kwamba anafuga mwanamke. Kipkurui naye akasema mbele ya wote, "Mwanamume anayeficha mshahara ana boma la pili." Kimeli akatoa karatasi yake ya mshahara ili ajitetee. Nikaichana bila kuisoma, nikamwambia, "Hizi mnachapisha wenyewe huko ofisini."

Tangu siku ile, kila siku yake ya mapumziko alikwenda kukatia watu miti ya blugamu, apate kuziba pengo nililokuwa namdai. Mwezi wa sita mti ukamwangukia katika shamba la mtu karibu na Roret. Wanawake waliokwenda kuokota kuni ndio waliomkuta. Walisema alikuwa peke yake.

Tulimzika Ijumaa. Jumatatu iliyofuata alirudi.

Najua mtasema ni uchungu wa mjane. Mchungaji pia alisema hivyo. Lakini wafu wa watu wengine huja usiku, wanagonga mabati, wanalia kama bundi. Wangu alikuja mchana, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Nilikuwa nachuma chai. Nikainua kichwa nikamwona amesimama mwisho wa mstari na ovaroli yake ya kazi, karatasi mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri tu, vile mtu anavyosubiri karani amalize simu.

Nilitupa kikapu, nikakimbia.

Nilipokimbia shamba, nikakimbilia kazi. Mwezi wa kumi na moja chama kimoja cha ushirika wa maziwa, nje kidogo ya mji wa Bomet, kilinichukua niwe karani wa kupokea maziwa. Kazi yangu ilikuwa kupima, kuandika na kutoa risiti. Barua yangu ya kazi ilisema elfu thelathini na nane kwa mwezi.

Hiyo elfu thelathini na nane niliigawa siku hiyo hiyo, nikiwa bado njiani. Karo ya Chepchumba, binti yetu, aliye kidato cha pili. Saruji ya kaburi. Mbolea. Hata nilimwambia Mzee Kipkemoi, "Baba, mwisho wa mwezi nitakuletea elfu tano ya dawa." Akatabasamu, akanibariki.

Kimeli alinifuata Bomet.

Alisimama ng'ambo ya meza yangu, katikati ya wakulima na mitungi yao. Foleni ikisonga, naye anasonga. Zamu yake ikifika, ananyoosha ile karatasi. Mimi nageuza uso nahudumia wa nyuma yake.

"Unamwambia nani angoje?" Mellen aliniuliza siku moja. Mellen ni mama wa Kisii tuliyefanya kazi naye, yeye akiangalia kama maziwa yametiwa maji.

"Nimesema angoje?"

"Umesema. Na hapo hakuna mtu."

"Nimechoka tu, Mellen."

Akasema polepole, "Kama ni marehemu, muulize anataka nini. Kwetu hatuwakimbii. Ukimkimbia anadhani hujasikia."

Nilijua anataka nini. Alitaka nisome.

Siku ya mshahara simu ililia nikiwa na mtungi mkononi. Ujumbe wa benki: elfu thelathini na moja, mia nne na tisini.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikavua aproni, nikapanda ngazi hadi kwa mhasibu. Huyo ni Gachanja, mzee mpole ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka Bomet kabla mimi sijazaliwa.

"Bwana Gachanja, kuna makosa. Mshahara wangu umepungua elfu sita na mia tano."

"Haujapungua, madam. Umekatwa."

"Umekatwa na nani? Mimi nimekopa kwa nani?"

"Kaa kwanza." Akavuta karatasi kutoka kwenye mashine, bado ina joto, akanisukumia. "Hii ndiyo payslip yako. Kila kitu kimeandikwa hapo."

Nikaiangalia bila kuigusa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hizi mnachapisha wenyewe hapa ofisini," nikasema.

Nilisikia maneno yangu yakitoka, nikayatambua. Mzee Gachanja alidhani nimeugua. Alinimiminia maji kwenye glasi, akafungua dirisha.

"Ni mshahara wako wa kwanza wa kuandikwa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi sikulaumu. Hata mwalimu mmoja alinirushia faili hapa. Sogea uone." Akachukua kalamu. "Hii ya juu, thelathini na nane, ni gross. Hiyo ni mshahara wa mdomo. Ndiyo watu wanataja wakitaka kuoa. Hii ya chini ni net, mshahara wa mkono. Hiyo ndiyo utakula. Katikati hapa ndipo pesa inapoenda."

Akaanza kushuka mstari kwa mstari. NSSF ya uzeeni, asilimia sita: elfu mbili mia mbili na themanini. Bima ya afya: elfu moja na arobaini na tano. Ushuru wa nyumba: mia tano na sabini.

"Hizo zinatoka kwanza. Halafu kodi ya mapato inahesabiwa kwa kile kilichobaki. Na kodi haikati kila mahali sawa. Elfu ishirini na nne za kwanza, kumi kwa mia. Elfu nane na kitu zinazofuata, ishirini na tano kwa mia. Ya juu ya hapo, thelathini. Serikali inakusamehe elfu mbili na mia nne, unalipa salio. Yako ni elfu mbili mia sita na kumi na tano."

"Kwa hivyo mtu akiongezwa mshahara?"

"Ile ya kuongezwa ndiyo inakatwa vibaya. Watu wanashangilia barua, wanalia mwisho wa mwezi."

Chini, wakulima walikuwa wanapiga kelele kwamba karani amepotea. Nikasema, "Nihesabie nyingine. Elfu sitini na nane."

"Ya nani?"

"Ya mtu tu."

Mzee Gachanja si mjinga. Aliangalia vazi langu jeusi, akainamisha kichwa kwenye kikokotoo. Alichukua muda kidogo. Mimi nilitazama ukuta, kwa sababu Kimeli alikuwa amesimama kando ya kabati la faili, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

"Uzeeni, elfu nne na themanini," akasema Gachanja. "Afya, elfu moja mia nane na sabini. Nyumba, elfu moja na ishirini. Kodi, elfu kumi mia sita na tisini na mbili. Jumla ya makato, elfu kumi na saba mia sita na sitini na mbili."

Elfu kumi na saba. Hizo ndizo nilizompa mwanamke asiyekuwepo. Nilikuwa nimemvisha mwanamke huyo, nimemjengea nyumba, nimemchagulia hata rangi ya nywele.

Nililia hapo mbele ya mhasibu bila kufunika uso. Hakuninyamazisha. Alifunga mlango, akasimama nje hadi nikamaliza.

Aliporudi nikamuuliza, "Kwa hivyo mkononi angebaki na ngapi?"

"Elfu hamsini, mia tatu na thelathini na nane."

Nikapangusa macho. "Umesema hamsini?"

"Hamsini."

"Si arobaini na nne?"

Akarudia hesabu, akanigeuzia kikokotoo nione. Hamsini.

Kimeli alileta arobaini na nne. Ujumbe wa benki alinionyesha kila mwezi, mia tatu na thelathini na nane mwishoni. Elfu sita kamili zilikosa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Machozi yalikuwa hayajakauka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nikajiambia: kumbe alikuwepo mwanamke. Kumbe sikumuua bure. Yule mwanamke nikampunguzia nyumba tu, nikamweka kwenye chumba cha kukodisha cha elfu sita.

Nikageuka nimwangalie Kimeli usoni. Kando ya kabati hapakuwa na mtu.

Jumamosi nilikwenda kwa baba mkwe. Sikumpelekea ile elfu tano. Nilikuwa na elfu mbili na sukari.

"Baba, ile siku nilikosa. Pesa ilikuwa inakatwa na serikali. Si yote, lakini nyingi."

Mzee Kipkemoi alikuwa anakunywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Akaweka kibuyu chini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mimi nimefanyia Wazungu kazi na nimefanyia Waafrika. Hakuna karatasi ya mshahara isiyokatwa."

"Na ukanyamaza, Baba? Nikamvua mwanao nguo mbele yako ukanyamaza?"

Kuku waliingia, wakatoka.

"Nilitaka kusema. Kimeli akaniangalia, akatikisa kichwa, hivi. Nikadhani ana lake la kulinda. Mwanamume akitaka kunyamaza humlazimishi."

Ana lake la kulinda. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nikamwambia kesho kutwa nitaomba ruhusa kazini niende kiwandani, nikaulize elfu sita ilikuwa inaenda wapi.

"Usiende," akasema Mzee.

"Kwa nini?"

"Ukichimba shimo la panya, hujui nyoka gani ameingia humo. Amelala. Mwache alale."

"Halali, Baba. Angekuwa amelala ningemwacha."

Jumatatu nilikuwa kiwandani kabla ya saa tatu. Mvuke wa boila ulikuwa unapanda, na harufu ya chai inayokaushwa ikanisimamisha, maana hiyo ndiyo harufu ya mashati yake. Karani wa mishahara anaitwa Ombati. Alikuja mazishini, akachangia, akalia.

"Mama Chepchumba. Karibu. Mambo ya malipo ya marehemu bado yako Nairobi."

"Sikujia hayo. Nataka karatasi zake za mshahara. Januari mpaka Juni."

Akasita. Nikaweka mezani kitambulisho, cheti cha kifo na barua ya chifu. Akavitazama kimoja kimoja, kisha akainuka akaenda kwenye faili. Alinipangia karatasi sita mezani.

Zamani ningezichana. Safari hii niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikashuka nao. Uzeeni. Afya. Nyumba. Kodi, elfu kumi mia sita na tisini na mbili. Bwana Gachanja hakukosea hata shilingi.

Chini ya kodi kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Elfu sita. Januari, Februari, Machi, mpaka Juni.

"Hii ni kodi gani?" nikauliza.

"Hiyo si kodi."

"Ni nini?"

Ombati alikuna shingo. "Mama, kuna mambo marehemu alitaka yabaki hapa."

"Ombati, mimi humwona mume wangu kila siku. Amebeba karatasi. Usiponiambia wewe, nitaendelea kumwona mpaka nife."

Sijui ni maneno hayo au ni sura yangu. Alirudi kwenye faili, akatoa barua ya chama cha akiba na mikopo cha wakulima. Ilikuwa imeandikwa Desemba, kabla hata ya kupandishwa cheo. Ilisema kwamba mkopaji ameacha kulipa, na kwa hivyo mkopo utakatwa kwenye mshahara wa mdhamini. Mdhamini alikuwa Kimeli.

Jina la mkopaji lilikuwa Kipkurui. Mdogo wake.

Nilisoma jina hilo herufi kwa herufi kama mtoto wa chekechea. Kipkurui aliyeniletea barua ya elfu sitini na nane, akaniuliza, "Shemeji, na hii yote inaenda wapi?" Kipkurui wa boma la pili. Kipkurui ambaye tangu mazishi hunilimia shamba na kunibebea chai mpaka kituo cha kupimia bila kuchukua hata shilingi, mpaka watu wakaanza kunong'ona.

"Alikopa ya nini?"

"Mashine," akasema Ombati. "Msumeno wa petroli, wa kukata miti. Alisema ataanza biashara ya kuni, auzie viwanda."

Chini ya barua kulikuwa na maandishi ya mkono. Nilijua mkono huo. *Nimekubali kukatwa. Tafadhali msiseme nyumbani, mdogo wangu atamalizia kulipa mwenyewe.* Na sahihi yake.

Nikamuuliza Ombati kama kuna dirisha la kufungua. Akasema yote yako wazi.

Nilitoka na karatasi zangu kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu Juni niliangaza kila upande kumtafuta Kimeli, nimwambie nimesoma. Hakuwa kwenye foleni ya malori ya majani, wala kwenye lundo la magogo kando ya boila.

Langoni nilimkuta Kipkurui ameegemea pikipiki yake.

"Baba ameniambia uko huku," akasema. "Nikaona nije nikubebe. Mvua inakuja."

Nilimnyooshea barua. Hakuichukua. Aliisoma ikiwa mkononi mwangu, na alipofika kwenye maandishi ya chini akavua kofia.

"Ungelipa," nikamwambia. "Au ungesema. Tulikuwa sebuleni kwa baba yako, na mbali na Kimeli, mtu mmoja tu ndiye alijua elfu sita iko wapi. Na huyo mtu akasema kuna boma la pili."

"Nilidhani ukianza kumwandama kwa mambo ya mwanamke, hutafika kwa mambo yangu."

Alisema hivyo, bila kupamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na ukweli ukanikuta sina la kushika.

"Basi tumemuua sisi wawili," nikasema. "Wewe kwa kunyamaza, mimi kwa kuropoka. Akaenda kukata miti peke yake akafa kwa sababu yetu."

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Walinzi walikuwa wanakimbilia kibandani. Kipkurui hakusogea.

"Shemeji," akasema, "Kimeli alikuwa mtu wa boila. Hakujua kuangusha mti wa blugamu. Hujawahi kujiuliza ni nani alimfundisha?"

"Walimkuta peke yake."

"Walimkuta peke yake, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo hata nikalazimika kumsogelea. "Ile mashine bado iko kwangu, chini ya magunia ya mahindi. Sijaiwasha tangu siku hiyo. Mimi ndiye nilikuwa nimeishika mti ulipoanguka."